Mpishe Mwenzako

Kuna neno moja ambalo siku hizi linanichosha masikio, nalo ni neno "timu". Silichukii kwa asili yake. Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, nusu ya muda huo nikiwa mkuu wa chuo, na kazi ile haiendi hata siku moja bila watu kushikana mikono. Ninachokichukia ni kulitumia neno hilo kama blanketi la kufunikia jambo ambalo likianikwa juani linanuka. Na hapana mahali ambapo blanketi hilo limetandikwa bila haya kama katika mbio za magari zinazoitwa Formula One.

Huenda msomaji akashangaa mzee wa umri wangu, tena Mtanzania, ana habari gani na mbio hizo. Jibu ni fupi. Wajukuu wangu walifunga dishi, na Jumapili alasiri sebule yangu si yangu tena. Lakini pia mimi si mgeni wa magari kiasi hicho. Tulipokuwa vijana, Safari Rally haikuwa ya Kenya peke yake. Ilianza mwaka 1953, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kila Pasaka tulijipanga kandokando ya barabara ya vumbi kungoja magari hayo kama watu wanavyongoja mvua. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, matope yaliyameza magari hata yakafika saba tu mwisho wa safari, kati ya makumi yaliyoondoka. Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alishinda mara tatu, miaka ya 1965, 1974 na 1976. Hatukumwuliza mtu yeyote kama ule ulikuwa mchezo. Aliyefika alifika, na aliyezama alizama.

Basi sebuleni kwangu kuna mabishano mawili yasiyokwisha. La kwanza ni kama mbio za magari ni mchezo hata kidogo. Mjukuu wangu mmoja, mkimbiaji wa shuleni, husema kwamba mchezo wa kweli ni wa Olimpiki, kwa kuwa pale hushindana miili na si mashine. Mwingine, mpenzi wa Ferrari, humjibu kwa kejeli: mbona Olimpiki wanampa mtu medali kwa kuketi juu ya farasi anayecheza ngoma, au kwa kulala kifudifudi akilenga shabaha kwa bunduki? Bishano hili sitalipa nafasi kubwa, maana linaweza kumalizwa kabla chai haijapoa. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi Hati ya Olimpiki ilikuwa na kifungu kilichokataa michezo inayotegemea nguvu ya mashine. Ni kweli pia kwamba mwaka 1908, pale London, mashua za injini zilishindania medali, kwa hiyo wakubwa hao hawakuwa na msimamo huo tangu mwanzo. Dereva wa Formula One hutoka ndani ya gari, hasa katika miji yenye joto kama Singapore, akiwa amepungua hata kilo tatu kwa jasho, na shingo yake imebeba kishindo cha kila kona kwa karibu saa mbili. Anayesema huyo ameketi tu, na ajaribu. Na anayemdharau mpanda farasi, naye ajaribu. Yatosha.

Bishano la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nalo ni hili: je, ni halali timu kumwamuru dereva wake anayeongoza apunguze mwendo ili mwenzake wa timu hiyohiyo ampite? Karibu vijana wote sebuleni husema ni halali. "Babu, huu ni mkakati wa timu," wananiambia, kwa sauti ya upole ambayo vijana huitumia kwa wazee wanaodhani wameshindwa kuelewa.

Nimeelewa vizuri sana.

Tuchukue kisa kinachojulikana kuliko vyote, mbio za Austria za tarehe 12 Mei 2002. Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza. Nyuma yake alikuwa Michael Schumacher, wa Ferrari pia. Timu ikamwamuru Barrichello kwa redio apishe. Akabishana nao mzunguko hadi mzunguko, na mwishowe, mita chache kabla ya mstari, akaachia mguu. Schumacher akashinda kwa chini ya nusu ya sekunde. Watazamaji walizomea, na si zomea ya mchezo. Schumacher mwenyewe aliona aibu, akamsukuma mwenzake apande ngazi ya juu ya jukwaa na kumkabidhi kikombe. Baadaye wakubwa wa mchezo wakaitoza Ferrari faini ya dola milioni moja. Kwa kosa gani? Kwa kuvuruga taratibu za jukwaa! Amri yenyewe haikuwa kosa. Yaani mtu ameiba mbuzi, akashitakiwa kwa kuacha mlango wa zizi wazi.

Sasa naomba msomaji afanye nami hesabu ndogo, ya darasa la pili. Mwaka ule mshindi wa kwanza alipewa pointi 10, wa pili 6. Pana ubingwa wa namna mbili, wa madereva ulioanza mwaka 1950 na wa watengenezaji wa magari ulioanza mwaka 1958. Katika ubingwa wa pili, ambao ndio wa timu, pointi za magari yote mawili hujumlishwa. Barrichello akitangulia, Ferrari inapata kumi na sita. Schumacher akitangulia, Ferrari inapata kumi na sita. Timu haikuongeza hata nusu pointi! Basi hiyo "faida ya timu" iko wapi? Amri ile haikuhusu timu hata kidogo. Ilihusu mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwisha kushinda mbio nne kati ya tano za mwanzo. Akaja kuuchukua ubingwa mwezi Julai, zikiwa zimebaki mbio sita, na alipomaliza mwaka alikuwa na pointi 144 na Barrichello 77. Mtu aliyeshiba kiasi hicho alikatiwa nyama kutoka katika sahani ya mwenzake, na sisi tunaambiwa huo ni ushirikiano.

Watetezi husema deni lile lililipwa mwaka uleule kule Indianapolis, ambako Schumacher alimwachia Barrichello ushindi kwa tofauti ya sekunde 0.011. Hili silichukui kama utetezi hata kidogo. Ukinipa nilichostahili Mei kwa kuniletea Septemba kisichokuwa changu, basi waliolipa viingilio wamedanganywa mara mbili, na mimi sina ushindi hata mmoja ninaoweza kumwonyesha mwanangu bila kueleza.

Hapo ndipo mjukuu wangu mkimbiaji alipotabasamu, akidhani Babu yuko upande wake na kwamba Olimpiki ni safi. Nikamwambia angoje, kwa sababu mkakati wa timu naujua kutoka Olimpiki kabla hajazaliwa mama yake.

Mwaka 1968, kule Mexico, fainali ya mita 1,500 ilikuwa na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu ambaye mwendo wake wa mwisho ulikuwa hauwezekani kupingwa. Kenya ilikuwa na Kipchoge Keino, na pamoja naye kijana Ben Jipcho. Wakenya walipanga kwamba ikiwa mbio zitaenda polepole hadi mzunguko wa mwisho, Ryun atawala wote. Kwa hiyo Jipcho akatoka mbele kama anayefukuzwa na nyuki, akamaliza mita 400 za kwanza kwa sekunde 56, katika mji ulio juu ya mita 2,200 ambako pumzi yenyewe ni ya kukopa. Kisha Keino akachukua uongozi na hakuuachia. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun akiwa nyuma yake kwa karibu sekunde tatu. Jipcho alimaliza wa kumi.

Tulizisikia habari hizo redioni, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyesema Jipcho amedhulumiwa. Tulishangilia. Je, nilikuwa kipofu mwaka 1968 na nimefumbuka macho mwaka 2002? La. Mambo haya mawili hayafanani, ijapokuwa watu huyatia katika kapu moja. Jipcho alijitoa ili kumshinda mpinzani. Pale mbele yao alikuwapo Ryun, tishio la kweli, na bila ya mbio za Jipcho huenda medali ile ingekwenda Marekani. Isitoshe, Jipcho hakujifanya kushindwa. Alikimbia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaisha. Barrichello kwa upande wake aliambiwa asitumie nguvu alizokuwa nazo, na mpinzani wa karibu hakuwapo. Alikuwapo ndugu yake tu. Mmoja alichoka kwa ajili ya mwenzake, mwingine alizuiwa asichoke. Nikimfundisha mwalimu mtarajiwa asiyeweza kutenganisha mambo hayo, nitamrudisha mwaka wa kwanza.

Na Jipcho hakubaki kuwa ngazi ya wengine milele. Mwaka 1972 kule Munich alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yuleyule, mwaka 1973 akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo, na mwaka 1974 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch akachukua dhahabu mbili. Katika mita 1,500 za Christchurch alikuwa wa tatu, na hapo naomba radhi kwa kujivuna kidogo, maana wa kwanza alikuwa Filbert Bayi wetu, aliyetoka mbele tangu mlio wa bastola, bila wa kumwongozea kasi, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuifuta rekodi ya Ryun. (John Stephen Akhwari simtaji hapa, kwa sababu kila anayeandika habari za Watanzania na Olimpiki humtaja, na mzee wa watu anastahili kupumzika.)

Nina kisa changu pia. Zamani, katika mashindano ya vyuo vya ualimu vya kanda, nilikuwa mwenyekiti wa waamuzi. Katika mita 1,500 wanachuo wawili wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, waliwaacha wengine mbali. Wa tatu alikuwa nyuma yao zaidi ya mita arobaini. Walipoingia mita mia za mwisho, mwalimu wao wa michezo akapiga kelele kutoka kando ya uwanja: "Mpishe! Mpishe mwenzako!" Yule wa mbele akageuka kumtazama, akapunguza mwendo kabisa, karibu kutembea. Mwenzake akapita. Pointi za chuo hazikubadilika, tano na tatu zikabaki nane. Nilipomwita mwalimu yule, akanieleza bila wasiwasi wowote kwamba aliyepishwa ndiye aliyetajwa kwa timu ya mkoa, na matokeo yake yalihitaji kuonekana mazuri kwenye karatasi. Sheria zetu hazikuwa na kifungu juu ya jambo hilo, hivyo matokeo yakabaki. Nikamwuliza mwanachuo aliyepisha kwa nini alikubali. Akanijibu, "Mkuu, nimeambiwa nipishe." Basi. Hakuwa na hasira, hakuwa na aibu. Miezi sita baadaye alikwenda kufundisha darasa la tano mahali fulani, na mimi niliisaini barua yake ya kumpangia kituo nikijiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tumemfundisha, na nani angepishwa na nani katika darasa lake.

Ndiyo sababu sichukulii mjadala huu kuwa mzaha wa Jumapili.

Mpenzi wa Ferrari hakukaa kimya, na hoja yake ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Ananiambia kwamba natazama mbio moja wakati ubingwa ni wa mwaka mzima, na mpinzani yuko katika jedwali hata kama hayuko nyuma ya kioo. Ananitajia mwaka 2010. Tarehe 25 Julai kule Hockenheim, Felipe Massa aliyekuwa akiongoza aliambiwa kwa redio kwamba Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye, naye akaelewa maana yake na kupisha. Wakati huo amri za namna hiyo zilikuwa zimekatazwa tangu mwaka 2003, na Ferrari ikatozwa dola laki moja. Mwisho wa mwaka Alonso aliukosa ubingwa kwa pointi nne tu. "Unaona, Babu? Kila pointi ilikuwa na thamani." Naona. Naona pia kwamba pointi saba alizopishwa hazikumfikisha. Na naona jambo ambalo kijana hakulitaja, kwamba siku ile ulikuwa umetimia mwaka mmoja kamili tangu chuma kilichochomoka katika gari jingine kimpige Massa kichwani huko Hungary na kunusurika kumwua. Mtu amerudi kutoka mlangoni mwa kaburi, anaongoza mbio siku ya kumbukumbu yake, na anaambiwa apishe. Mwaka 2011 katazo lenyewe likafutwa. Wakubwa waliona kazi ya kulinda sheria ni ngumu, wakaiondoa sheria.

Kisha akanitajia Monza, Septemba 2025, na hapa nilimsikiliza kwa makini. McLaren walimwita Oscar Piastri kubadilisha matairi kabla ya Lando Norris, ijapokuwa Norris alikuwa mbele. Norris alipoingia, gurudumu likachelewesha, akatoka nyuma ya Piastri. Timu ikamwomba Piastri airudishe nafasi ya pili, naye akasema kwamba kuchelewa kwa mafundi ni sehemu ya mbio, lakini akairudisha. Mwisho wa mwaka Norris akawa bingwa kwa pointi 423 dhidi ya 421 za Max Verstappen. Ondoa zile pointi tatu za Monza na bingwa ni Verstappen. Hoja nzuri sana, na kijana alikuwa akimeremeta usoni. Lakini siku ile Piastri ndiye aliyekuwa akiongoza jedwali la madereva, tena mbele ya Norris kwa zaidi ya pointi thelathini. Kama timu ingekuwa inaupigania ubingwa dhidi ya Verstappen, ingemwachia aliyekuwa mbele. Haikufanya hivyo kwa ajili ya ubingwa, ilifanya kurekebisha jambo ambalo mikono yake yenyewe ilikuwa imelivuruga kwa kupanga nani aingie kwanza. Hilo naweza kulivumilia, kama ninavyomvumilia msimamizi wa mtihani anayemrudishia mtahiniwa dakika alizompotezea mwenyewe. Kwamba baadaye zile pointi tatu zikawa ubingwa, hakuna aliyelijua mwezi wa Septemba. Huwezi kuihalalisha amri kwa bahati iliyokuja miezi mitatu nyuma yake.

Ikibaki hoja, hubaki ya mshahara. Dereva ameajiriwa, analipwa mamilioni, mwajiri akisema pisha, apishe. Nawauliza wanaosema hivyo, mwisho wa amri ya mwajiri uko wapi? Mwaka 2008 kule Singapore, timu ya Renault ilipanga na Nelson Piquet mdogo, kijana wa miaka 23 ambaye nafasi yake katika timu ilikuwa ikining'inia, agonge ukuta kwa makusudi ili mbio zisimamishwe kasi na mwenzake Alonso anufaike. Akagonga. Alonso akashinda. Siri ikatoka mwaka uliofuata, viongozi wawili wa timu wakafungiwa, ijapokuwa mahakama ya Ufaransa baadaye ilitengua adhabu hizo. Sisemi kwamba anayeamuru kupisha ni sawa na anayeamuru kugonga ukuta. Nasema aliyekwisha kukubali kwamba mguu wake si wake, hana tena mahali pa kusimama anapoletewa amri ya pili.

Na Olimpiki? Mjukuu mkimbiaji asijipe raha. Mwaka 2012, London, katika badminton, mpira ule wa vinyoya, jozi nne za wanawake, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, ziliingia uwanjani zikitaka kushindwa. Mpangilio mpya wa makundi uliwapa faida walioshindwa. Jozi ya China, iliyokuwa ya kwanza kwa ubora duniani, haikutaka kukutana na Wachina wenzao kabla ya fainali. Wakawa wanapiga mipira wavuni kama watoto wa chekechea. Watazamaji wakazomea zomea ileile ya Austria. Tofauti ni kwamba Olimpiki iliwatoa wote wanane siku ya pili yake, bila kungoja mtu avuruge jukwaa. Niliona uamuzi ule ni wa haki, hata kama walioandika mpangilio wa makundi nao walistahili viboko.

Vijana wameniuliza, Babu, kama ungekuwa wewe mwenye amri ungefanya nini, maana amri za redio huwezi kuzizuia, watabuni mafumbo. Nakubali watabuni. Sitaki faini za mamilioni, ambazo kwa matajiri hao ni nauli ya daladala. Nataka ukweli uandikwe katika karatasi ya matokeo. Chuoni kwetu mwanachuo akisaidiwa na mwenzake kumaliza zoezi, liliandikwa daftarini, na alama zikabaki lakini maandishi nayo yakabaki. Basi kila mahali ambapo dereva amepita kwa amri, pembeni mwa jina lake pachapwe neno moja, kwa herufi zilezile za jina, na lichapwe hivyo katika vitabu vya kumbukumbu na juu ya kikombe chenyewe. Austria, 2002: wa kwanza, Michael Schumacher, kapishwa.